Usipa na Mboga za Majani: Mlo wa Jioni wa Haraka Umatengoni

Katika nyanda za juu za Umatengo, ambazo ndizo sehemu kubwa ya Wilaya ya Mbinga mkoani Ruvuma, saa ya kupika chakula cha jioni hushindana na kazi ya shamba kwa namna ambayo miongozo ya lishe huitaja kwa nadra. Msimu wa kuchuma kahawa, ambao huangukia miezi ya kiangazi yenye baridi, humtaka mkulima amenye kahawa mbivu siku ileile iliyochumwa, kwa kuwa tunda likilala na ganda lake huanza kuchacha na kuharibu ladha ya punje. Na kwa kaya inayomenya kahawa yake yenyewe kwa mashine ya mkono, kazi hiyo huangukia jioni, wakati uleule ambao sufuria ingepaswa kuwa motoni. Chakula kinachotegemewa na kaya nyingi za huko, yaani ugali wa mahindi kwa maharage, kina sifa nyingi, lakini wepesi wa kuiva si mojawapo. Mazungumzo haya yanahusu mlo mwingine, ambao viungo vyake vyote hupatikana kati ya milima ya Umatengo na ufuko wa Ziwa Nyasa, ambao mpishi anaweza kuuandaa kwa muda usiozidi nusu saa, na ambao kwa kipimo cha lishe haupungukiwi na chochote mbele ya vyakula vya gharama kubwa zaidi: usipa waliokaushwa, wakapikwa pamoja na mboga za majani.

Usipa ni samaki wadogo wa Ziwa Nyasa, wembamba, wenye rangi ya fedha, ambao wataalamu huwaita Engraulicypris sardella, na ambao hawapatikani kiasili katika maziwa mengine. Nje ya eneo la ziwa watu wengi huwaita dagaa tu, wakiwachanganya na dagaa wa Ziwa Tanganyika na wa Ziwa Victoria, ingawa hao ni jamii tofauti za samaki. Usipa huvuliwa usiku, kwa taa. Zamani taa hizo zilikuwa karabai, na siku hizi nyingi ni taa za betri na za umeme wa jua. Mwanga huwavuta samaki karibu na uso wa maji hadi nyavu ziwazingire, na kwa sababu hiyo usiku wa mbalamwezi haufai sana kwa uvuvi huu, kwani mwezi huangaza ziwa zima na taa ya mvuvi hupoteza nguvu yake ya kuvuta. Msikilizaji wa Mbinga mjini anayeona bei ya usipa ikipanda na kushuka ndani ya mwezi mmoja hana haja ya kumshuku mfanyabiashara kila mara. Sehemu ya sababu iko angani.

Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, ni kilomita 66 za barabara inayoteremka milimani hadi kwenye ziwa, ambalo uso wake uko kwenye mwinuko usiofika mita 500 juu ya usawa wa bahari. Lami ya barabara hiyo imebadili mambo mengi, na mojawapo ni kwamba samaki aliyetolewa majini alfajiri anaweza kufika katika soko la Mbinga akiwa bado mbichi. Hata hivyo, usipa mkavu ndiye anayestahili kupewa nafasi ya kwanza katika mlo wa haraka, na sababu yake ni rahisi: kazi ndefu ya kumwandaa imekwisha kufanywa na jua pamoja na mikono ya watu wa ufukweni. Kukausha ni kuondoa maji ambayo vimelea vya uozo huyahitaji ili viishi. Na kwa kuwa usipa ni mwembamba, jua kali huweza kumkausha ndani ya siku moja au mbili bila kumpasua wala kumtoa matumbo. Samaki mkubwa hakubali njia hiyo. Lazima apasuliwe, atiwe chumvi au abanikwe kwa moshi, na aliyetiwa chumvi akifika jikoni lazima alowekwe muda mrefu ili chumvi ipungue.

Ubora wa usipa mkavu huamuliwa ufukweni, si jikoni. Wale walioanikwa juu ya mchanga hubeba mchanga ndani ya mapezi na matamvua, yaani vile viungo vyekundu vya kupumulia vilivyo pembeni mwa kichwa, na hakuna uoshaji utakaouondoa wote. Wale walioanikwa juu ya vichanja, ambavyo ni meza za miti au fito zilizotandikwa wavu na kuinuliwa kutoka ardhini, hupata hewa juu na chini, hukauka kwa usawa, na hubaki safi. Mnunuzi anaweza kutofautisha: usipa mzuri hung'aa, huvunjika kwa mlio anapokunjwa, na harufu yake ni ya samaki na si ya mafuta yaliyochacha. Aliyegeuka rangi ya manjano au ya kahawia amekaa sana au amenyeshewa mvua wakati wa kuanikwa, na mafuta yake, ambayo ndiyo hasa yanayompa thamani ya lishe, yameharibika. Hapa ubahili kidogo wa mnunuzi humgharimu, kwa sababu sado moja ya usipa wenye mchanga, hata ikiuzwa kwa bei nafuu, huishia kutupwa nusu.

Inafaa sasa kusema wazi jambo ambalo wengi huliona kinyume. Katika desturi ya wakazi wa pande zote mbili, milimani na ziwani, samaki wa heshima ni mbasa, samaki mkubwa mwenye magamba ya fedha, na pia magege, yaani aina za perege wa ziwa hilo. Hao ndio wanaopikiwa mgeni, ilhali usipa huonekana kuwa chakula cha siku ambayo fedha imepungua. Kwa upande wa ladha kila mtu ana haki ya uamuzi wake, na mbasa aliyebanikwa vizuri hana mpinzani. Kwa upande wa lishe, hata hivyo, mpangilio huo wa heshima umepinduka. Samaki mkubwa huliwa mnofu peke yake, na mifupa, kichwa na maini hutupwa. Usipa huliwa mzima, na katika sehemu hizo zinazotupwa kwa mbasa ndimo yalimo madini mengi ya kalsiamu, ambayo hujenga mifupa na meno, ndimo ilimo vitamini A, inayolinda macho na kinga ya mwili, na humo pia mna sehemu kubwa ya madini ya chuma na zinki. Juu ya hayo, zaidi ya nusu ya uzito wa usipa aliyekauka vizuri ni protini, nayo ni protini kamili, maana yake ina amino asidi zote ambazo mwili hauwezi kujitengenezea wenyewe. Mahindi, kwa mfano, yana upungufu wa amino asidi iitwayo laisini, na mlaji wa ugali asiyepata maharage wala samaki hubaki na upungufu huo hata kama tumbo limejaa.

Tofauti hiyo si ya nadharia tu. Utafiti wa kitaifa wa hali ya afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, udumavu ukiwa ni hali ya mtoto kuwa mfupi kuliko inavyotarajiwa kwa umri wake kwa sababu ya kukosa lishe ya kutosha kwa muda mrefu, na Mkoa wa Ruvuma ulikuwa juu ya wastani huo. Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayozalisha mahindi mengi nchini. Ghala lililojaa na mtoto aliyedumaa vinaweza kukaa chini ya paa moja, na wanaofuatilia mambo ya lishe wamelieleza jambo hilo mara nyingi: kinachokosekana si wingi wa chakula bali mchanganyiko wake, hasa vyakula vyenye asili ya wanyama, ambavyo peke yavyo ndivyo vyenye vitamini B12 kwa kiasi kinachotegemeka.

Upo pia upande wa ziwa lenyewe. Mbasa hupanda mito wakati wa mvua ili kutaga mayai, na Mto Ruhuhu, unaoingia ziwani kaskazini mwa Wilaya ya Nyasa, ni mojawapo ya njia zake muhimu; tabia hiyo humfanya awe rahisi kunaswa wakati uleule anapokwenda kuzaa, na leo yumo katika orodha ya kimataifa ya viumbe vinavyotishiwa kutoweka. Usipa, kwa upande wao, huishi muda mfupi, hukua upesi na kuzaana kwa wingi, ingawa idadi yao hupanda na kushuka sana mwaka hadi mwaka. Hakuna anayeweza kudai kwamba sufuria moja ya Mbinga itaokoa ziwa ambalo linagawanywa na nchi tatu, Tanzania, Malawi na Msumbiji, lakini mlaji akiweza kuchagua, uchaguzi wake unaelekea upande uleule ambao lishe na mfuko wa fedha vinauelekeza.

Kabla ya kufika jikoni, maharage yanastahili kutendewa haki. Wamatengo wameyalima kwa vizazi vingi katika mfumo wa ngolo, ambapo majani yaliyokatwa hulazwa kwa mistari inayokatana juu ya mteremko, kisha hufukiwa kwa udongo unaochimbwa katikati ya miraba na kuwa matuta, hata mlima mzima ukabaki na mashimo yanayozuia maji ya mvua kubeba rutuba. Maharage hupandwa juu ya matuta hayo kwanza, na mahindi hufuata. Ni mfumo uliowavutia watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Sokoine na kutoka Japani, na maharage yake ni mazuri. Tatizo ni moto. Maharage makavu huhitaji kulowekwa kwa saa kadhaa na kuchemka kwa nguvu, si kwa vuguvugu, kwa sababu maharage mekundu yana kiasi kikubwa cha sumu ya asili inayovurugwa na joto kali tu. Na kwa kaya inayopika kwa kuni au mkaa, au ile iliyoanza kutumia gesi kama unavyohimiza Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, muda huo mrefu una bei yake. Samaki hana gharama hiyo: nyama yake haina nyuzi ngumu za kuunganisha misuli kama zilizo katika nyama ya ng'ombe, na kwa hiyo huiva kwa dakika chache. Kumwacha samaki motoni zaidi ya hapo ni kumkausha tu.

Mboga za majani ndizo zinazoharibiwa zaidi jikoni, na kwa bahati mbaya ndizo zinazodaiwa kuwa rahisi. Mabondeni mwa Umatengo, mahali maji yanapobaki hata kiangazi, bustani hutoa chainizi, figili, kabichi, sukumawiki, mchicha na mnafu, na mashambani huchumwa majani ya maboga, matembele na majani ya kunde. Si zote zinafaa kwa mlo wa haraka. Kisamvu, kwa mfano, kina kemikali zinazotoa sumu ya sianidi, nacho lazima kitwangwe na kuchemshwa muda mrefu, na anayekifupishia muda hupunguza usalama wake. Kiachwe kwa siku ya mapumziko. Mchicha huiva upesi, lakini una oksaleti, ambayo ni asidi ya mimea inayofunga kalsiamu na kuuzuia mwili kuipata, hivyo mtu anayeutegemea mchicha peke yake kwa ajili ya mifupa yake anajidanganya. Katika sufuria yenye usipa, ambao wana kalsiamu ya kutosha, kasoro hiyo haina uzito mkubwa. Chainizi, sukumawiki na figili hazina oksaleti nyingi, nazo ndizo zinazofaa zaidi pale mpishi anapoweza kuchagua.

Namna ya kuzipika ina makosa matatu ya kawaida, na la kwanza ni kukata majani madogo sana kisha kuyaosha, badala ya kuyaosha kwanza. Vitamini C na baadhi ya vitamini za kundi B huyeyuka katika maji, na kila mkato hufungua mlango mwingine wa kuzitoa. La pili ni kuchemsha mboga na kumwaga maji yake, desturi ambayo ina sababu kwa mnafu wenye uchungu, lakini haina sababu kwa chainizi. La tatu, ambalo wapishi hodari nao hulifanya, ni kutia magadi ili mboga ilainike upesi na kubaki na rangi ya kijani; rangi hubaki kweli, lakini magadi huharibu vitamini C na vitamini B1, na kwa hiyo sahani hupendeza machoni huku thamani yake ikiwa imepungua. Mboga laini zinazotiwa sufuriani mwishoni hazihitaji msaada huo.

Mpangilio wa kazi ndio unaofupisha muda, kuliko moto mkali. Maji ya ugali hubandikwa kwanza, kwa sababu ndiyo yatakayochelewa, na kama kuna jiko moja tu, ugali husongwa kwanza na kufunikwa, kwani hutunza joto kuliko mchuzi. Unga wa dona, ambao ni mahindi yaliyosagwa bila kukobolewa, una nyuzinyuzi na vitamini B zaidi ya sembe, na huhitaji dakika chache zaidi za kusonga. Wasioupenda wanaweza kuuchanganya na sembe nusu kwa nusu, jambo ambalo watoto mara nyingi hulikubali bila kelele. Wakati maji yanapopata moto, usipa huchambuliwa, yaani uchafu na vipande vilivyovunjika hutolewa, kisha huoshwa kwa maji ya vuguvugu mara mbili au tatu kwa haraka na kuchujwa, bila kulowekwa, kwa sababu usipa aliyelowekwa hulegea na kupoteza ladha. Vichwa havitolewi isipokuwa vina mchanga au uchungu.

Sufuria hupata moto wa wastani na kijiko kimoja au viwili vya mafuta ya alizeti, na usipa hugeuzwageuzwa humo kwa dakika tatu au nne hadi wakakamae na harufu yao ibadilike kutoka ya ziwa kuwa ya kukaanga. Huondolewa na kuwekwa pembeni. Katika mafuta yaleyale huingia kitunguu, halafu nyanya mbili au tatu zilizokatwa, na karoti ikiwepo, na pilipili hoho kwa anayeipenda. Nyanya zikishapondeka na kutoa maji yake, usipa hurudishwa pamoja na nusu kikombe cha maji, sufuria hufunikwa, na dakika tano zinatosha. Ndipo majani, yaliyooshwa na kukatwa vipande vikubwa, huingia juu, hufunikwa kwa dakika mbili, hugeuzwa mara moja, na baada ya dakika nyingine mbili sufuria huepuliwa. Limao hukamuliwa baada ya kuepua, kwa kuwa joto hudhoofisha vitamini C yake. Chumvi huonjwa mwishoni, na mara nyingi haihitajiki nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, na viungo vya viwandani vya kutia mchuzi ladha vina chumvi ambayo mpishi haihesabu. Anayetaka mchuzi mzito anaweza kuongeza vijiko viwili vya karanga zilizosagwa kabla ya majani kuingia, akizivuruga kwanza kwa maji ili zisigande.

Kukutanisha vitu hivi katika sufuria moja kuna faida ambayo haipatikani vikiliwa kwa siku tofauti. Vitamini A iliyomo katika majani na karoti imo katika hali ambayo mwili huifyonza pale tu panapokuwa na mafuta, na vijiko viwili vinatosha. Madini ya chuma yaliyomo katika majani hufyonzwa kwa shida, lakini samaki na limao, kila kimoja kwa njia yake, huongeza kiasi kinachoingia mwilini, jambo lenye maana kubwa kwa wajawazito na wasichana, ambao ndio wanaoandamwa zaidi na upungufu wa damu. Kinyume chake, chai na kahawa zina kemikali zinazoyafunga madini hayo tumboni, na zikinywewa pamoja na chakula hupunguza faida hiyo. Katika wilaya ya wakulima wa kahawa ushauri huu hauhitaji kuchukuliwa kuwa uadui, kwani kikombe kinachosubiri saa moja baada ya mlo hakipungukiwi na chochote.

Kwa anayepata samaki mbichi siku hiyo, magege wadogo huchukua nafasi ya usipa bila shida, wakipikwa chukuchuku, yaani kwa maji kidogo, nyanya, kitunguu na limao bila kukaangwa. Samaki mbichi hukaguliwa macho, ambayo yanapaswa kuwa angavu na si yaliyozama. Hukaguliwa matamvua, yawe mekundu. Na mnofu ukibonyezwa kwa kidole uinuke tena. Kukaanga katika mafuta mengi hakuharakishi kitu, kwani mafuta yenyewe huchukua muda kupata moto, na yakitumiwa tena na tena, kama ilivyo kwa wachuuzi wengi wa jioni, huharibika na kuzalisha kemikali zisizofaa. Tahadhari ya miiba ni ya lazima kwa watoto, na hapo usipa hushinda tena: wakikaushwa moto kidogo kikaangoni na kutwangwa kinuni, hutoa unga ambao kijiko chake kimoja katika uji wa mtoto aliyetimiza miezi sita humpa kile ambacho uji mtupu hauna, mradi usipa hao wawe safi na unga uchekechwe vizuri.

Usipa mkavu huhifadhika kwa miezi kadhaa ukavu wake ukitunzwa, lakini baridi na ukungu wa Umatengo si hewa ya ufukweni, na gunia lililoachwa wazi jikoni hunyonya unyevu hadi samaki waote kuvu na kupekechwa na wadudu. Kopo lenye kifuniko kinachobana, au ndoo ya plastiki iliyokaushwa, hufaa zaidi, na siku ya jua kali samaki hao hutolewa na kuanikwa tena kwa saa chache, juu ya kitu kilichoinuliwa kutoka ardhini na mbali na kuku.